Redio za Polisi, Zimamoto na Wanamaji Zisikilizane Vipi: Mwongozo Kamili kwa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Boti ya abiria imezimika injini kati ya Kayenze na Ukerewe, na upepo umeanza kuchafua ziwa. Polisi Wanamaji wameshatoka. Zimamoto na Uokoaji wako mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na wazamiaji wao, ambulensi imefika, ofisa wa TASAC, taasisi inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, anamtafuta nahodha. Kila mmoja wao ana redio koli kiunoni, na kila mmoja ameweka simu ya mkononi sikioni, kwa sababu redio yake haimpati mwenzake aliyesimama hatua kumi mbele yake. Ndugu wa abiria nao wanapiga simu kwa wakati huohuo, kwa hiyo mnara wa simu unaelemewa. Ndani ya nusu saa kila taasisi inafanya kazi peke yake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa alimalize tatizo hilo: ofisa mawasiliano wa mkoa au wilaya, mratibu wa maafa wa halmashauri, fundi anayehudumia redio za taasisi zaidi ya moja. Nitasema msimamo wangu mapema ili usishangae mbele ya safari: kununua redio mpya ni jambo la mwisho. Nimeona zabuni nyingi zikianza na mtambo na kuishia na maboksi stoo. Makubaliano ya nani anaongea na nani, kwenye chaneli ipi, kwa lugha gani, hayana bei kubwa, na bila hayo mtambo wa mabilioni utakaa kimya vilevile.

Hatua ya 1: Jua mlicho nacho

Usiulize kwa barua. Ukiandika barua utajibiwa kwamba taasisi "ina redio za kisasa za kutosha". Nenda mwenyewe, omba redio moja ya kila aina, chomoa betri. Nyuma, pale betri inapokaa, kuna kibandiko: jina la modeli, namba ya utambulisho, na mara nyingi masafa inayofanya kazi. Ukisoma 136–174 MHz, hiyo ni VHF. Ukisoma 400–470 MHz au karibu na hapo, hiyo ni UHF. Redio ya VHF haitaisikia ya UHF hata ukizifunga pamoja kwa kamba. Hapo utakuwa umeshapata jibu la nusu ya malalamiko yote ya "redio zetu hazipatani".

Kwa kila aina andika yafuatayo: masafa, kama ni analogi au dijitali, na kama ni dijitali ni ya mfumo gani, upana wa chaneli, kama mazungumzo yamefichwa kwa msimbo, nani ana kebo na nenosiri la kuipanga kwa kompyuta, betri ngapi zinashika chaji kweli, chaja ni za aina gani. Swali la nenosiri litakuchosha kuliko yote. Mara nyingi aliyepanga redio ni fundi wa kampuni iliyouza, mkataba umekwisha, na hakuna mwenye faili lake. Bila faili hilo wala nenosiri huwezi kuongeza hata chaneli moja bila kufuta kilichomo. Lidai kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu dijitali: DMR, TETRA, P25 na NXDN ni mifumo minne inayopakia sauti kwa namna tofauti. DMR inagawa chaneli ya 12.5 kHz katika nafasi mbili za muda, TETRA inagawa ya 25 kHz katika nafasi nne. Redio ya mfumo mmoja haifungui sauti ya mwingine. Hata redio mbili za DMR zilizo kwenye masafa yaleyale zitanyamaziana kama namba ya kundi au msimbo wa rangi (namba nyingine inayowekwa wakati wa kuipanga redio) haufanani. Habari njema ni kwamba redio nyingi za dijitali zinazouzwa kwa taasisi, hasa za DMR na P25, bado zinaweza kuongea kwa analogi ya kawaida ya FM. TETRA mara nyingi haiwezi. Weka alama kwenye orodha yako kwa kila inayoweza, maana huko kwenye analogi ndiko tutakakokutana.

Hatua ya 2: Chora nani anamhitaji nani

Kosa la kawaida ni kutaka kila mtu amsikie kila mtu. Ukiwaweka watu sitini kwenye chaneli moja siku ya ajali, hakuna atakayemaliza sentensi. Askari anayeelekeza magari Kirumba hana la kumwambia mzamiaji.

Chukua karatasi, chora mistari. Utagundua mahitaji ni matatu tu. Kwanza, wakuu wa eneo la tukio: Polisi, Zimamoto, afya, mamlaka ya usafiri majini, na mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa au Wilaya. Hawa ni watu wachache na lazima wasikilizane muda wote. Pili, wanaofanya kazi bega kwa bega mahali pamoja, kwa mfano boti mbili za taasisi tofauti zinazopekua eneo moja la maji, au zimamoto na wahudumu wa ambulensi mwaloni. Tatu, vyombo vyenyewe vya majini, yaani meli, feri na boti za uokoaji, ambazo tayari zina mfumo wao wa kimataifa. Waliobaki wote waendelee na chaneli zao za kila siku.

Hatua ya 3: Makubaliano kwenye karatasi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Septemba 11, 2001, mjini New York, polisi walikuwa na helikopta angani na waliona hali ya jengo la kaskazini ikizidi kuwa mbaya baada ya lile la kusini kuanguka. Onyo lao lilipita kwenye redio za polisi. Zimamoto waliokuwa ndani ya jengo walikuwa na redio nyingine na kituo kingine cha amri, na wengi hawakupata ujumbe. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo. Jiji lile halikuwa na shida ya fedha wala ya mafundi. Taasisi mbili zenye historia ya kushindana hazikuwa zimekaa meza moja.

Kwetu meza hiyo ipo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji. Peleka suala la redio kwenye kamati ya mkoa kama ajenda, usilipeleke kama ombi la fundi. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa ikiita kikao, Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC), Kamanda wa Zimamoto na Mganga Mkuu wa Mkoa watakuja au watatuma mtu. Ukiita wewe, watatuma salamu.

Hati yenyewe isizidi kurasa nne. Iseme:

- chaneli za pamoja ni zipi, na kwamba kila taasisi itaziweka kwenye kila redio yake inayoweza;
- nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba chaneli za pamoja zimefunguliwa, mchana na usiku, na naibu wake ni nani;
- nani anasimamia mazungumzo zikishafunguliwa;
- nani anapanga redio na nani anatunza faili;
- taasisi gani inagharamia umeme, ulinzi na matengenezo ya ripita, yaani mtambo wa mahali pa juu unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena ili ifike mbali.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoua mipango. Ripita ya watu wote isiyo na mwenyewe itakosa betri ndani ya mwaka wa pili, na hakuna atakayeandikiwa barua ya kujieleza. Taja taasisi moja, taja kifungu cha bajeti.

Kuhusu masafa, usijichagulie. Matumizi ya masafa yanasimamiwa na TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Omba jozi moja ya masafa kwa ajili ya ripita na masafa mawili au matatu ya moja kwa moja (redio kwa redio, bila ripita), yote ya VHF, kwa jina la mkoa. Ombi la pamoja lililosainiwa na taasisi tano husomeka tofauti na maombi matano ya taasisi moja moja. Na kwa kuwa ziwa lina mikoa mingine, yaani Mara, Simiyu, Geita na Kagera, pendekeza masafa yaleyale yatumike kanda nzima. Boti iliyotoka Mwanza kwenda kusaidia Chato haipaswi kubadilisha programu njiani.

Hatua ya 4: Kwa nini VHF, na itafika wapi

UHF inafanya vizuri ndani ya majengo. Kwa wodi za hospitali ya Bugando au ghala la bandari iko sawa. Juu ya maji na kati ya visiwa, VHF ndiyo mahali pake, na vyombo vya majini tayari viko huko.

Umbali hutegemea zaidi urefu wa antena kuliko wati. Kuna hesabu ya kukadiria ambayo kila ofisa mawasiliano wa ukanda huu aijue: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kwanza kwa mita, jumlisha na cha antena ya pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Watu wawili wamesimama ufukweni, redio zikiwa mita 1.5 juu ya maji: 1.22 jumlisha 1.22, mara 4.12, ni kama kilomita 10. Akikaa chini ndani ya boti unapunguza. Akifunga antena kwenye mlingoti wa mita 4, na boti ya pili vivyo hivyo, mnafika kilomita 16. Antena ikiwa mlimani, mita 100 juu ya ziwa, na boti ina mlingoti wa mita 4, ni karibu kilomita 49. Hayo ni makadirio ya anga tupu. Kiwiliwili cha mtu, mawimbi na antena fupi ya mpira vitakula sehemu yake.

Sasa weka ramani mezani. Nansio iko karibu kilomita 50 kutoka Mwanza mjini kwa mstari ulionyooka, Ukara karibu 75. Kwa hiyo ripita moja kwenye kilima cha Mwanza itafika Nansio kwa kubahatisha, na Ukara haifiki redio ya mkononi. Usimdanganye mtu kwa kuongeza wati. Unahitaji ripita ya pili Ukerewe, juu, ikiunganishwa na ya Mwanza. MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu 228 walipoteza maisha. Mpango wowote wa redio unaoishia Nansio haujapangwa kwa ajali ambayo tayari imetokea.

Mwanza kwenyewe, majabali yanayopamba kadi za posta ni adui. Mtu aliye Igogo nyuma ya jiwe anaweza asimsikie aliye Capri Point. Pima kwa miguu: mtu mmoja kwenye eneo la ripita, mwingine anazunguka na daftari, Buhongwa, Nyegezi, Bwiru, Igoma, Kayenze, akiandika "safi", "inakatika" au "kimya". Siku moja ya gari na mafuta itakuonyesha zaidi ya ramani ya kompyuta ya muuzaji.

Kisha radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi hupiga usiku. Mnara bila waya wa ardhini uliofungwa vizuri, na kebo ya antena bila kizuia radi, ni suala la msimu mmoja tu wa mvua. Fundi akikuambia jiwe halichimbiki kwa ajili ya ardhi, yuko sahihi kuhusu jiwe. Mwambie azivute nyaya hadi kwenye udongo, hata kama ni mita thelathini. Weka sola na betri za kutosha ripita kufanya kazi siku mbili bila TANESCO.

Hatua ya 5: Kupanga chaneli ndani ya redio

Jina liwe moja kwenye kila redio, herufi kwa herufi. PAMOJA 1, PAMOJA 2, PAMOJA 3 zinatosha. Nimekuta chaneli ileile ikiitwa "MAAFA" kwenye redio za taasisi moja na "DHARURA A" kwenye nyingine, na watu wawili wakibishana hewani kuhusu nani ahamie wapi wakati tayari wapo pamoja.

Nafasi ya kitasa cha kuchagulia chaneli nayo iwe moja. Redio nyingi za mkononi zisizo na kioo zina nafasi 16. Weka PAMOJA 1 kwenye 13, PAMOJA 2 kwenye 14, PAMOJA 3 kwenye 15. Usiiweke yoyote kwenye nafasi ya 16, maana siku moja mtu atasikia "hamia chaneli 16" na nusu ya watu watageuza kitasa ilhali nusu nyingine itaenda kwenye chaneli 16 ya majini, ambayo ni 156.800 MHz na ni ya wito na dharura za vyombo vya maji. Hiyo ya majini unaweza kuipanga kwenye redio za VHF za wakuu, lakini iwe ya kusikiliza tu. Kuongea humo tumia redio halisi ya majini iliyofungwa kwenye boti.

Mpangilio ninaoupendekeza:

- PAMOJA 1: kupitia ripita. Wakuu na chumba cha udhibiti.
- PAMOJA 2: moja kwa moja, bila ripita. Eneo la tukio.
- PAMOJA 3: moja kwa moja. Boti za uokoaji, au eneo la pili la tukio.

Zote ziwe analogi, upana 12.5 kHz, bila msimbo wa siri. Najua hapo ofisa usalama atakunja uso. Mweleze kwamba operesheni zake zinabaki kwenye chaneli zake; za pamoja ni za kuokoa watu. Upana lazima ufanane kwenye kila redio: iliyopangwa kwa 25 kHz ikiongea na ya 12.5 itasikika imepasuka, na ya 12.5 ikiongea na ya 25 itasikika kwa mbali kama mtu aliyejifunika blanketi.

Toni za kufungulia sauti, yaani mlio usiosikika unaotumwa pamoja na maneno, ndizo chanzo cha ugomvi usioonekana. Redio A inatuma bila toni, redio B imewekwa isifungue mpaka isikie toni. B ataapa kwamba A hakuita. Kwenye chaneli za moja kwa moja, ondoa toni upande wa kupokea kabisa. Kwenye ripita weka toni moja ya kutuma, ileile kwa wote, ili ripita isiamshwe na kelele.

Hatua ya 6: Zisizoweza kukutana hewani

Baada ya yote hayo watabaki wachache: mwenye UHF, mwenye TETRA, mwenye redio ya zamani isiyo na faili. Una njia kadhaa. Nimezipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni kukaa pamoja. Kila taasisi itume ofisa mmoja mwenye redio yake kwenye turubai moja la amri, akae karibu na wenzake kiasi cha kushikana bega. Anasikia kwake, anasema kwa mdomo. Haina gharama na haiharibiki.

Ya pili ni akiba ya redio. Redio ishirini za VHF zinazofanana, zilizopangwa chaneli za pamoja peke yake, ndani ya sanduku lenye chaja, zikae kwa taasisi yenye zamu ya saa 24. Siku ya tukio zinagawiwa kwa saini. Sanduku la pili likae Nansio. La Mwanza litavuka kwa feri, na feri ndiyo inaweza kuwa imesimama.

Ya tatu ni kiunganishi: redio mbili za gari, moja ya VHF na nyingine ya UHF, zilizounganishwa kwa kisanduku kinachopeleka sauti ya hii kwenye ile. Kinafanya kazi, ila kina adabu zake. Anayeongea abonyeze kitufe, ahesabu moja, mbili, ndipo aongee. Vinginevyo neno la kwanza linakatwa, na "usiingie" inafika kama "ingie". Lazima awepo mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kukifungua na kukifunga, kwa sababu viunganishi viwili vikiunganisha chaneli zilezile vitarudishiana sauti bila kukoma na kuziba zote mbili. Na mazungumzo yaliyokuwa ya siri upande mmoja yanatoka wazi upande wa pili. Tangaza hivyo hewani kila unapofungua.

Ya nne ni programu za kuongea kwa kubonyeza kwenye simu janja au redio zenye laini ya simu. Kwa uratibu wa kila siku mjini, nzuri sana. Kwa tukio lenyewe, hutegemea mnara uleule unaoelemewa na ndugu wa abiria. Zitumie kama nyongeza.

Hatua ya 7: Namna ya kuongea

Kila taasisi ina namba zake za siri, na namba moja ina maana tofauti kwa kila mmoja. Kwenye chaneli za pamoja, marufuku. Kiswahili cha kawaida, sentensi fupi. Anza na unayemwita, kisha jina lako la wito, ambalo liwe taasisi na namba au mahali. "Bravo" na "Simba" hazimwambii mgeni chochote.

Mazungumzo mazuri yanasikika hivi:

"Amri Ukerewe, Amri Ukerewe, hapa Wanamaji Mbili."

"Wanamaji Mbili, Amri Ukerewe nakupata. Endelea."

"Nina watu kumi na mmoja niliowaopoa, wawili hawajitambui. Naelekea mwalo wa Bugolora, nafika baada ya dakika ishirini. Naomba ambulensi mbili. Ova."

"Nimepokea. Watu kumi na mmoja, wawili hawajitambui, Bugolora, dakika ishirini, ambulensi mbili. Zinaondoka sasa. Ova."

"Sahihi. Naishia hapo."

Angalia kwamba aliyepokea amerudia kila namba. Asiporudia, hesabu kwamba hajasikia. Pia angalia ametaja jina la mwalo. "Mwaloni" peke yake kwa mtu wa mjini ni Kirumba. Kwa mtu wa kisiwani ni pale mitumbwi yake inapolala.

Mambo mawili yanayoleta maafa juu ya maafa: saa na majira ya ramani, yaani namba za latitudo na longitudo. Ukisema "saa nane" hewani, mwenzako aliyezoea saa za bandarini anaandika 08:00 wakati wewe una maana ya 14:00. Kubalianeni: saa za Kiswahili zitajwe pamoja na asubuhi, mchana au usiku, na daftari liandikwe kwa mfumo wa saa 24. Kwa majira, kifaa kimoja kinaonyesha digrii na dakika, kingine digrii na desimali. Digrii 2 dakika 30 ni 2.5 kwa desimali. Anayeandika 2.30 amekosea kwa sehemu mbili za kumi za digrii, yaani karibu kilomita 22. Boti itakwenda kupekua maji matupu. Hati iseme mfumo mmoja, na msomaji ataje neno "dakika" au "nukta" kila mara.

Jambo la tatu ni la utu. Spika ya redio ufukweni inasikiwa na ndugu waliosimama hapo. Majina ya waliofariki yasisomwe hewani, na idadi ya miili ipelekwe kwa mtu anayevaa kisikilizio sikioni. Visikilizio viwe ndani ya lile sanduku la akiba.

Hatua ya 8: Wavuvi

Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia. Watu 24 walitoka hai. Vivyo hivyo Ukara: mitumbwi ilitangulia. Mpango wa redio unaomwacha mvuvi nje umewaacha waokoaji wake wa kwanza.

Huwezi kumpa kila mvuvi redio, wala haihitajiki. Kwenye mialo mikubwa kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU. Andika namba za simu za viongozi wao wawili kwa kila mwalo, zihakikiwe kila robo mwaka, maana watu hubadilisha laini. Siku ya tukio, weka meza moja mwaloni yenye ofisa mmoja na redio moja ya PAMOJA 2. Mitumbwi yote iripoti hapo kwa mdomo inapotoka na inaporudi. Mitumbwi miwili au mitatu inayokwenda mbali ipandishwe askari au zimamoto mwenye redio iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji na kamba shingoni. Wavuvi wanajua miamba na upepo. Ofisa anajua nani wa kumwita. Wakiwa mtumbwi mmoja, mmetosha.

Meli na boti za nchi jirani zinaitwa kwa chaneli 16 ya majini, na wito wa hatari ni uleule popote: Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali, tatizo, idadi ya watu. Wafundishe na wavuvi wenye boti za injini.

Hatua ya 9: Jaribio la kila wiki na zoezi la majini

Kila Jumatatu saa 3 asubuhi, chumba cha udhibiti kiite kila taasisi kwenye PAMOJA 1, kisha wote wahamie PAMOJA 2 na kurudi. Dakika kumi zinatosha. Asiyejibu aandikwe, na orodha ya wasiojibu iende kwenye kamati ya mkoa kila mwezi bila maelezo marefu. Utashangaa namna betri zinavyopatikana baada ya jina la taasisi kusomwa mbele ya Mkuu wa Mkoa.

Mara moja kwa mwaka fanyeni zoezi juu ya maji, na muwashangaze watu: zimeni ripita katikati ya zoezi bila kutangaza. Anayejua kuhamia PAMOJA 2 mwenyewe amefuzu. Fanyeni lingine usiku, kwa sababu kutafuta kitasa gizani, mkono umelowa, ni ujuzi wa peke yake.

Baada ya kila zoezi au tukio, chukueni daftari la msimamizi wa mazungumzo na mulisome mstari kwa mstari ndani ya siku saba. Kila ujumbe uliorudiwa zaidi ya mara mbili una sababu: toni, kivuli cha kilima, jina la wito lililofanana na jingine, mtu aliyeongea kabla ya kubonyeza. Rekebisha programu, ipe namba mpya ya toleo na tarehe, bandika stika yenye namba hiyo chini ya betri ya kila redio. Redio yenye stika ya toleo la zamani isigawiwe kwenye zamu mpaka imepita kwa fundi.